Nani Atampeleka Kliniki?

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni na mchungaji wa Gede
Somo: Kutoka 1:15–21

Mimi nazungumza nanyi kutoka Gede, karibu na njia panda ya kwenda Watamu, katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi.

Leo napenda tuzungumze habari za kazi moja ambayo wengi wetu tumeihitaji tangu siku tuliyozaliwa, lakini ni wachache tuliokaa chini tukaifikiri. Ni kazi ya muuguzi. Sisi hapa twamwita nesi, na wazee wengine humwita daktari, kwa kuwa ndiye daktari pekee waliyepata kumwona kwa karibu. Swali langu la leo ni moja tu: kazi ya nesi yaishia wapi? Je, yaishia pale mgonjwa anapoinuka kitandani na kwenda zake?

Nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikihudumu, tulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyeimba kwaya. Siku moja katika mkutano wa vijana niliwauliza kila mmoja anataka kuwa nani. Yeye akasimama, akasema anataka kuwa nesi, kwa sababu nesi ndiye aliyeokoa maisha ya mama yake siku alipozaliwa mdogo wake. Tukampigia makofi. Mwaka uliofuata msichana yule akapata mimba.

Baraza la kanisa likaketi, mimi nikiwa mwenyekiti. Tukamtoa kwaya, tukaandika katika kitabu, tukafunga kwa sala. Kikao hakikuchukua nusu saa. Hakuna aliyeuliza habari za mwanamume aliyehusika, ingawa baadhi yetu tulimjua, naye alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto.

Nilipotoka nje nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya benchi chini ya mwembe. Alikuwa nesi mstaafu, na mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani vijana wengi wa kwaya ile. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza: "Mchungaji, mmemaliza kumhukumu? Haya. Sasa nani atampeleka kliniki?"

Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma miaka mingi katika chuo cha theolojia, nami naweza kueleza habari za neema kwa saa nzima bila kutazama karatasi. Lakini swali la mama yule lilinifunga kinywa. Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza, polepole, maana ya kazi ya nesi.

Kwanza, tutazame lile neno lenyewe, kliniki. Wengi wetu wanaume twalisikia tu likitajwa na wake zetu. Msichana mwenye mimba akifika kliniki, nesi humpima uzito na presha. Humpima damu ili ajue kama inatosha, na kama kuna kaswende au virusi vya ukimwi, maana yote mawili yaweza kutibiwa ili mtoto asiambukizwe. Humchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Humpa vidonge vya kuongeza damu, na katika sehemu zetu hizi za pwani humpa pia dawa ya kuzuia malaria na chandarua chenye dawa. Mambo haya yaonekana madogo. Lakini msichana ambaye mwili wake haujakomaa yumo katika hatari kubwa kuliko mwanamke mzima. Presha yaweza kupanda ghafla akapata kifafa cha mimba. Uchungu waweza kuchukua siku mbili kwa sababu nyonga ni nyembamba, na asipopata msaada, mtoto hufa, naye mwenyewe huenda akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia na watu wakimkimbia. Kwa hiyo mama yule aliponiuliza nani atampeleka kliniki, alikuwa akiniuliza nani atamwokoa asife. Mimi nilikuwa nimeshughulika na kwaya.

Sasa tufungue somo letu. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Kutoka, mfalme wa Misri aliwaita wakunga wa Waebrania akawaamuru wawaue watoto wa kiume wanapozaliwa. Wakunga wale walimcha Mungu kuliko walivyomwogopa mfalme, wakawaacha watoto waishi. Angalia jambo moja hapa. Jina la mfalme yule, aliyekuwa na magari ya vita na miji ya hazina, Biblia haikuliandika. Yeye ni Farao tu. Lakini majina ya wakunga wale wawili yameandikwa: mmoja aliitwa Shifra na wa pili Pua. Hawakuwa na cheo wala jeshi. Walikuwa na kazi yao tu, wakaifanya kwa haki, na taifa zima likapita katika mikono yao.

Mkunga au nesi mwaminifu hujua kwamba mtoto aliyemshika leo ni mwanzo tu wa jambo. Atakua, atahitaji chakula, atahitaji shule, atahitaji mtu wa kumwonya. Ndipo wazee wetu wakasema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Hebu tutoke Misri twende Ulaya. Tarehe 12 Mei mwaka 1820 alizaliwa Florence Nightingale, na kwa ajili yake siku hiyo ya Mei 12 huadhimishwa ulimwenguni kote kuwa Siku ya Wauguzi. Mwaka 1854 alikwenda na wauguzi 38 kuwahudumia askari majeruhi katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Watu wengi wanamkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akiwatembelea wagonjwa. Lakini alifanya mambo mawili makubwa kuliko kushika taa. La kwanza, alihesabu. Aliandika idadi ya waliokufa na sababu zake, akaonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na uchafu na magonjwa kuliko waliouawa na risasi. La pili, mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London. Alijua kwamba taa yake itazimika siku atakapokufa, isipokuwa awashe nyingine mikononi mwa vijana.

Basi hapo twaona hatua tatu katika kazi ya nesi wa kweli. Hatua ya kwanza ni kumtunza aliye mbele yake. Hatua ya pili ni kuufuata ugonjwa hadi unakotoka, nyumbani na kijijini. Hatua ya tatu ni kuwaandaa vijana watakaofanya kazi hiyo baada yake. Nesi anayefika hatua ya kwanza peke yake amefanya vema, na Mungu ambariki. Lakini yule anayefika hatua ya tatu amewatibu hata watu ambao hatawaona kwa macho.

Labda utasema, "Mchungaji, hayo ni ya Ulaya, na ni ya zamani." Basi sikiliza habari za hapa kwetu Kenya.

Katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini, kuna kijiji kiitwacho Torbi. Kutoka hapa Gede, ukipitia Nairobi, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na unapofika huko hukuti minazi wala miembe. Unakuta nchi kavu, ngamia na mbuzi. Katika kijiji hicho alizaliwa Anna Qabale Duba. Akiwa mtoto alipitishwa katika ukeketaji, kama desturi ilivyotaka. Alikusudiwa kuozwa mapema, naye akaokoka. Akasoma hadi akawa muuguzi, katika jamii ambayo msichana aliyesoma alikuwa kitu cha ajabu.

Sasa hapa ndipo penye funzo. Mtu aliyetoka mahali pagumu namna hiyo, akapata elimu na mshahara, tungetazamia aende mbali asigeuke nyuma. Wengi wetu tungefanya hivyo, na hakuna ambaye angetulaumu. Yeye alirudi. Alifanya kazi ya uuguzi huko huko Marsabit, na katika kazi hiyo aliona majeraha yaliyotokana na kisu kile kile kilichompita yeye. Ukeketaji hauna faida yoyote kwa mwili. Huleta kutokwa na damu nyingi, huleta vidonda na maambukizi, na miaka mingi baadaye huleta taabu wakati wa kujifungua. Nesi aweza kukishona kidonda cha msichana huyu leo, na kesho akaletewa mdogo wake. Atashona mpaka lini?

Anna aliona kwamba dawa ya kidonda kile haimo ndani ya kabati la hospitali. Akajenga shule katika kijiji chake. Watoto wakasoma humo, na wazazi wao pia wakafundishwa kusoma na kuandika katika shule hiyo hiyo. Fikiri juu ya busara ya jambo hilo. Ukimfundisha msichana peke yake, akirudi nyumbani atamkuta baba na mama wanaofikiri kama zamani, na neno lake halitakuwa na nguvu. Lakini mama naye akijua kusoma, binti amepata mtetezi ndani ya nyumba. Tarehe 12 Mei 2022, huko Dubai, Anna Qabale Duba alipewa tuzo ya kimataifa ya wauguzi iitwayo Aster Guardians, yenye dola za Marekani 250,000. Wauguzi zaidi ya 24,000 kutoka nchi nyingi walikuwa wameomba kuipata. Lakini shule ilijengwa kabla ya tuzo. Wakati alipoanza hakuna aliyekuwa akimpigia picha.

Je, kazi ya namna hii huzaa matunda? Tutazame hesabu, kama Florence Nightingale alivyotufundisha. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 hapa Kenya walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa 21. Mwaka 2022 walikuwa 15. Sheria ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji imesaidia. Lakini sheria haiingii chumbani usiku kuzungumza na bibi na shangazi. Anayeingia ni nesi, ni mwalimu, ni msichana mwenyewe aliyefundishwa.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuzungumza makosa ya watu wa mbali. Sisi Wamijikenda wa Kilifi hatuwakeketi binti zetu, na huenda mmoja wenu alikuwa akijisifu moyoni nilipokuwa nikisema. Ndugu yangu, ngoja kidogo. Tunayo yetu. Tunayo ile desturi mpya ya disko matanga, ambapo mtu amekufa, na badala ya kuwafariji wafiwa twapiga muziki usiku kucha ili kuchangisha fedha, na watoto wa shule wanapotea gizani mpaka alfajiri. Tunao watu wazima wanaompa msichana nauli ya bodaboda au fedha za chipsi, kisha wanataka malipo. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya walikuwa wamekwisha kupata mimba. Kiwango hicho kilikuwa 18 mwaka 2014, kwa hiyo kinashuka. Lakini hebu hesabu wasichana walioketi katika kanisa lako Jumapili iliyopita, nawe utajua kwamba bado ni wengi mno.

Tena tusifiche jambo kwa maneno laini. Msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria. Mtu mzima anayelala naye ametenda jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, hata kama wazazi wamepokea mbuzi na kuketi chini ya mti kuyamaliza. Katika kikao kile nilichowaeleza, sisi wazee wa kanisa tulimwadhibu aliyedhulumiwa, na aliyedhulumu tukamsalimu kwa mkono mlangoni. Hilo ni kosa langu. Nimelitubu, nami nalisema hadharani ili mchungaji mwingine asilirudie.

Mtaniuliza, "Je, msichana yule alifikia wapi?" Mama yule nesi mstaafu ndiye aliyempeleka kliniki, mwezi baada ya mwezi, kwa miguu yake yenye maumivu. Alipojifungua salama, mama akazungumza na bibi ya msichana ili amlee mtoto mchana. Kisha akamchukua binti hadi kwa mkuu wa shule. Aliyajua ambayo mimi sikuyajua: kwamba tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na kwamba mwongozo mpya wa jambo hilo ulitolewa mwaka 2020. Binti akarudi. Akamaliza kidato cha nne akiwa amechelewa miaka miwili.

Hakuwa nesi. Alama zake hazikufika, nami sitawadanganya ili hadithi iwe tamu. Lakini mwaka 2023 serikali ilipowatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, yeye alikuwa mmoja wao. Leo anazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake, anapima presha za wazee, anawaambia kina mama siku ya kliniki. Na wasichana wakiwa na jambo wanaloogopa kumwambia mchungaji, humwambia yeye, kwa maana wanajua hatawacheka.

Mama yule naye amezeeka sana sasa. Ameniomba nisimtaje jina. Lakini kila Jumamosi alasiri vijana huja barazani kwake, wasichana na wavulana. Huwafundisha jinsi mwili unavyofanya kazi, bila aibu na bila matusi. Huwafundisha wavulana kwamba mwanamume ni yule anayemlinda dada wa mwenzake. Kijana anayetaka kusomea uuguzi humwonyesha njia: apate wastani wa C katika kidato cha nne, ashike sana somo la bayolojia, kisha aombe nafasi katika chuo cha KMTC, ambacho kina tawi hapo Kilifi mjini, asome miaka mitatu apate diploma. Nimekaa barazani pale mara kadhaa. Mama husema kidogo na kusikiliza sana. Nikamwuliza siku moja mbona hapumziki. Akanijibu, "Mchungaji, mshahara nilistaafu. Watoto sijastaafu."

Wapendwa, Paulo alipomwandikia Timotheo barua yake ya pili, alimwagiza ayapeleke mafundisho aliyoyasikia kwa watu wanaoaminika, nao wawafikishie wengine. Hesabu hapo vizazi: Paulo, kisha Timotheo, kisha wale waaminifu, kisha wale wengine. Ni vizazi vinne katika mstari mmoja. Hivyo ndivyo kazi ya Mungu inavyosafiri. Hapa Gede tunayo magofu ya mji wa kale, nyumba za mawe na visima vyake, na watu hutoka mbali kuja kuutazama. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na kuta bado zasimama ndani ya msitu. Kuta hazikuweza kuwabakiza watu. Nasi twaweza kujenga kanisa la mawe na kupaka chokaa, lakini kama hatukuwakabidhi vijana kitu, tumejenga magofu mengine.

Basi tufanye nini? Nawapa mambo manne, na yote yawezekana wiki hii.

Wewe mzazi, mpeleke binti yako kliniki kabla ya kumpeleka mbele ya wazee. Hasira yaweza kungoja. Presha ya mimba haingoji.

Wewe kijana, mtafute mtu mmoja mzima mwenye mwenendo mwema, umwombe akufundishe kazi yake. Usingoje akuite.

Wewe uliyestaafu, uliyekuwa nesi, mwalimu au fundi, weka benchi moja nje ya nyumba yako. Huhitaji ofisi.

Na sisi viongozi wa kanisa, tukiona mtoto amedhulumiwa, tupeleke habari kwa chifu, kwa polisi, au tupige simu namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haina malipo. Na kabla ya kufungua kitabu cha kuandika adhabu, tuulizane lile swali la mama: nani atampeleka kliniki?

Tuombe. Ee Mungu uliyeyakumbuka majina ya Shifra na Pua, wakumbuke wauguzi walio kazini asubuhi hii, na wale waliokesha usiku. Utusamehe tuliokuwa wepesi wa kuhukumu na wazito wa kusaidia. Walinde binti zetu na wana wetu. Utupe kila mmoja kijana mmoja wa kumshika mkono, kabla jua letu halijatua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.